Meli Zinazopita Kooni, na Watu wa Kamera wa Istanbul

Mitihani ya katikati ya muhula inanukia na meza imejaa vitabu, ila leo naviweka pembeni tuongee historia kidogo. Si ile ya darasani. Ni ile inayopita chini ya chuo chetu kila baada ya dakika chache ikipiga honi.

Kwanza hali ya hewa, manake najua mtaniuliza. Waturuki wana imani moja ya zamani kuhusu mwisho wa majira ya baridi. Wanasema baridi haiondoki kwa mkupuo, bali joto linashuka kutoka juu kama makaa matatu ya moto. Kaa la kwanza linaangukia hewani tarehe 19 au 20 Februari. La pili linaangukia majini tarehe 26 au 27. La tatu linaangukia ardhini tarehe 5 au 6 Machi. Kila kaa linaitwa cemre, tamka "jemre". Mama muuza chai wa hapa getini anazifuata hizo tarehe kama mtu anayesubiri mshahara, na hata kama theluji inaanguka siku ya kaa la tatu atakwambia baridi imeshakwisha, hiyo ni mikia tu.

Na kweli, baada ya hapo mji unabadilika. Wauzaji wanasimama njiani na vifurushi vya maua ya mimosa, njano kama manjano ya pilau. Miti ya lozi na plamu inatoa maua meupe kabla hata ya majani. Paka wa chuo (na hiki chuo kina paka wengi kuliko wahadhiri, sitanii) wanalala juu ya magari yaliyopaki juani. Wazee wanajaa pwani na fimbo zao za kuvulia, pembeni ndoo, thermosi na redio. Na katikati yao wapo watu wa kamera, wengine wenye lenzi ndefu kama mche wa kutwangia, wengine na simu tu. Hawa ndo habari yangu.

Kwa wasiojua ramani: Istanbul imepasuliwa katikati na mlango-bahari unaounganisha Bahari Nyeusi na Bahari ya Marmara. Kwa Kituruki unaitwa Boğaz, na neno hilo hilo maana yake ni koo. Jina limetulia, manake urefu wake ni kama kilomita 30 na penye wembamba kabisa ni mita 700 hivi. Katika koo hilo wanapita wote: meli za mafuta za Urusi, ngano ya Ukraine, mbolea, magari, ng'ombe hai, manowari. Nchi kama Ukraine, Romania, Bulgaria na Georgia hazina njia nyingine ya bahari ya kufika duniani. Mwaka 1936 zilipita meli 4,500 hivi kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka 50,000. Miaka ya mwanzo ya 2020 zimekuwa kati ya 35,000 na 40,000, si kwa kuwa biashara imepungua sana bali meli zenyewe zimekuwa kubwa zaidi. Na zote zinapita katikati ya jiji la watu zaidi ya milioni 15. Yaani mtu anaanika nguo barazani na nyuma ya shuka inapita meli ya mita 250.

Penye wembamba huo ndipo chuo chetu kilipo. Chini yetu kuna ngome ya Rumeli Hisarı, iliyojengwa na Sultani Mehmed wa Pili mwaka 1452 kwa miezi minne na kitu tu, kuanzia majira kama haya ya kuchipua hadi mwisho wa Agosti. Waliiita pia Boğazkesen, mkata koo, kwa maana zote mbili. Novemba mwaka huo huo meli ya Venice ikajaribu kupita bila kusimama, ikapigwa mzinga na kuzama, na nahodha wake akauawa. Mwaka uliofuata Konstantinopoli ikaanguka. Kwa hiyo kabla ya kamera, watu wa kwanza kukaa hapa juu na kuangalia kila meli inayopita walikuwa wapiga mizinga. Chuo kilikuja baadaye sana, mwaka 1863, kikiitwa Robert College, cha Wamarekani, na mwaka 1971 kikawa Chuo Kikuu cha Boğaziçi.

Sasa picha. Kamera ilifika Istanbul mapema, lakini picha za zamani za hapa ukiziangalia vizuri utagundua kitu: meli karibu zote zimetia nanga. Si kwamba hazikuwa zikitembea. Vioo vya kupigia picha vya miaka ya 1850 vilihitaji mwanga wa sekunde nyingi, na kitu chochote kinachotembea kinageuka ukungu. Meli inayopita ilikuwa haipigiki. Basi wapiga picha wakubwa wa mji, kama ndugu Abdullah na Pascal Sébah, wakapiga majumba, misikiti, bandari iliyotulia na watu waliokaa wima kama wamemeza mpini.

Halafu kuna Sultani Abdülhamid wa Pili, huyu ni kisa chake peke yake. Alikuwa mtu wa hofu, hapendi kutoka ikulu yake ya Yıldız, basi akawa anaitazama dola yake kwa picha. Mwaka 1893 akatuma albamu 51 zenye picha zaidi ya 1,800 kwa Maktaba ya Bunge la Marekani, na nyingine za aina hiyo Uingereza. Mna shule, hospitali, wanafunzi waliovaa sare mpya, wazima moto, askari, manowari zinazong'aa. Nimezipitia nyingi kwenye intaneti (zipo bure, zitafuteni). Ni nzuri, lakini hamna ombaomba hata mmoja, wala nguo iliyoanikwa. Mwenye nchi alipiga picha ya kile alichotaka kionekane.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, kamera ilikuwa inashuka mikononi mwa watu wa kawaida. Kodak ya mwaka 1888 iliuzwa dola 25 ikiwa na filamu ya picha 100 ndani. Ukimaliza unairudisha kiwandani na kamera yake, wanakusafishia na kukuwekea filamu mpya. Mwaka 1900 ikaja Brownie, sanduku la karatasi ngumu, dola moja. Hapo ndipo karani, mwalimu, mtoto wa shule na baharia walipoanza kupiga vitu ambavyo fundi mwenye studio asingepoteza kioo chake kuvipiga. Meli inayopita ni kimoja. Haina mteja wa kulipia, haisimami, na kesho inapita nyingine inayofanana nayo.

Lakini kwenye koo hili, meli ikipita tu huwa ni habari. Novemba 1920, Warusi walioshindwa vita ya wenyewe kwa wenyewe walikimbia Crimea chini ya Jenerali Wrangel, meli zaidi ya 120 na watu karibu 150,000, wakaja kutia nanga hapa Istanbul. Zipo picha: sitaha zimefunikwa na watu mpaka huoni mbao. Ukizitazama unaelewa kwa nini wazee wa hapa wakiona meli ya Urusi hawaitazami kama mzigo tu.

Na kuna ile ambayo picha zake zinazojulikana ni chache mno. Tarehe 15 Desemba 1941 ilifika hapa meli ya zamani iitwayo Struma, iliyojengwa mwaka 1867, injini imekufa, ndani Wayahudi zaidi ya 760 waliokimbia Romania wakielekea Palestina. Waingereza waliokuwa wanatawala Palestina walikataa kuwapa ruhusa, na Uturuki ikakataa kuwashusha. Wakakaa wiki kumi mbele ya mji, katikati ya baridi, watu wakipita kwenye vivuko wanawaona. Abiria walitundika vitambaa vyenye maneno ya kuomba waokolewe. Tarehe 23 Februari 1942 meli ikafungwa kamba, ikavutwa kupitia koo hili hili, mbele ya ngome hii hii, mpaka Bahari Nyeusi, ikaachwa bila injini. Kesho yake asubuhi nyambizi ya Kisovieti ikaipiga kwa topido. Akapona mtu mmoja, David Stoliar.

Angalieni tarehe. Ni siku nne au tano baada ya kaa la kwanza, mbili tatu kabla ya lile la majini. Kila mwaka Februari ikifika pale nawaza jambo hilo moja: mji mzima uliiona ile meli. Kilomita 30 za pwani, nyumba madirisha wazi... na picha ni za kuhesabu. Kulikuwa na vita, filamu ilikuwa adimu na kuelekeza kamera baharini wakati wa vita ni kujitafutia kesi. Sababu nazielewa zote. Bado inauma.

Turudi kwenye watu wa kamera. Kitu kilichowapa hawa kazi, mi nadhani, ni mkataba. Mkataba wa Montreux ulisainiwa tarehe 20 Julai 1936 na ndio unaoongoza upitaji mpaka leo. Meli za biashara zinapita huru wakati wa amani. Manowari zina masharti: nchi zenye pwani ya Bahari Nyeusi zitoe taarifa siku nane kabla, nchi nyingine manowari zao zisizidi ukubwa fulani wala kukaa humo zaidi ya siku 21. Na kuna sharti dogo ambalo wanasheria hawalipi uzito lakini mpiga picha yeyote atalibusu: manowari lazima zianze kupita mchana. Nyambizi ndio kabisa, lazima zipite mchana na ziwe juu ya maji. Wale mabalozi waliokaa Uswisi mwaka 1936 wakifikiria usalama, bila kujua waliandika kifungu cha mwanga!

Ndo maana wakati wa Vita Baridi jeshi la Kisovieti lilikuwa linapita mbele ya vikombe vya chai vya watu. Julai 1976 ilipita Kiev, meli ya kubeba ndege, ila Wasovieti walikuwa wameiandikisha kama "kruza ya kupambana na nyambizi" ili isigongane na mkataba. Novemba 2001 ikapita ganda lake la kizazi kilichofuata, Varyag, limenunuliwa kwa dola milioni 20 eti likafanywe kasino huko Macau. Lilikuwa limezuiwa karibu miezi 16 kabla ya kuruhusiwa. Siku lilipovutwa mlango-bahari ulifungwa kwa meli nyingine, na watu walijaa pwani na kamera zao. Mwaka 2012 ganda hilo likaingia kazini China kama Liaoning, meli yao ya kwanza ya kubeba ndege. Kasino hakuna aliyeiona.

Ajali nazo zimepigwa picha nyingi, na hapa nitapita haraka maana ni habari za majonzi. Novemba 1979 meli ya mafuta ya Romania, Independenţa, iligongana na meli ya Kigiriki kwenye mlango wa kusini, mabaharia zaidi ya 40 wakafa na moto ukawaka kwa wiki kadhaa. Tarehe 13 Machi 1994 ikawa Nassia upande wa kaskazini, wakafa zaidi ya watu 25, na mwaka huo huo Uturuki ikatoa kanuni kali za upitaji. Mfumo wa rada wa kuongoza meli ulianza mwisho wa 2003. Tarehe 7 Aprili 2018 meli ya shehena kichele Vitaspirit, mita 225, imebeba shayiri, injini ikazima karibu na Daraja la Pili, ikaenda kuparamia nyumba ya mbao ya karne ya 18 ng'ambo yetu kabisa. Hakuna aliyekufa. Video ilipigwa na watu waliokuwa wamesimama tu. Ukiangalia inatembea polepole, taratibu, kama ng'ombe anayeingia kwenye duka la vyombo, na hakuna wa kumzuia.

Kutoka mwaka 2012 hivi ndipo watu wa kamera walipogeuka kuwa kitu kingine. Vita ya Syria ilikuwa imeanza, na meli za kijeshi za Urusi zikawa zinakwenda na kurudi kati ya Bahari Nyeusi na bandari ya Tartus. Watu kama Devrim Yaylalı na Yörük Işık, ambao mwanzo walikuwa wanapiga meli kwa mapenzi tu, wakaanza kuweka kumbukumbu: jina, tarehe, inaelekea wapi. Waandishi wa habari wakauita msafara huo treni ya haraka ya Syria.

Hawana siri wala vyombo vya ajabu. Nimejifunza kwa kukaa nao pwani, na niwaeleze wanavyosoma meli, manake ndipo utamu ulipo.

Kwanza wanatazama mstari wa maji. Kila meli ina alama ubavuni, zile namba na lile duara lenye mstari ambalo Samuel Plimsoll alilipigania bungeni Uingereza mpaka likawa sheria mwaka 1876. Ikienda kusini imezama hadi karibu na alama na wiki mbili baadaye ikarudi imeelea juu, rangi nyekundu ya chini inaonekana, basi imeshusha mzigo. Hakuna haja ya kupanda ndani. Picha mbili zinatosha, ya kwenda na ya kurudi. Pili wanatazama namba ya IMO, tarakimu saba. Jina unaweza kupaka rangi, bendera unaweza kubadilisha leo jioni, lakini namba ile meli inazaliwa nayo na kufa nayo, na kuanzia 2004 sheria inataka iandikwe mahali panapoonekana. Tatu, herufi za zamani. Majina mengi huchomelewa kwa chuma, kisha yakapakwa rangi. Jua la Machi likiwa chini, asubuhi au saa kumi jioni, mwanga unakuja kwa upande na yale maungio yanatoa kivuli, na jina la zamani linasomeka chini ya jipya kama kovu. Jua la Agosti saa sita halikupi hilo. Mzee mmoja wa hapa ananiambia yeye mwaka wake wa kazi unaanza kaa la tatu likianguka, si kwa sababu ya joto, ila kwa mwanga.

Agosti 2015 picha za hapa zilionyesha meli ya Urusi Nikolay Filchenkov ikienda kusini na magari ya deraya juu ya sitaha. Tarehe 30 Septemba Urusi ikaanza rasmi kupiga mabomu Syria. Yaani wavuvi wa Boğaz walijua kabla ya mabunge mengi. Baadaye mwaka huo Warusi walipungukiwa na meli wakanunua za mizigo zilizochakaa, wakazipaka rangi na kuzipa bendera ya jeshi la majini. Watu wa kamera wakacheka tu, maana waliwahi kuzipiga zikiwa na majina ya Kituruki. Dvinitsa-50, kwa mfano, ilikuwa Alican Deval. Desemba 2015, siku chache baada ya Uturuki kuidungua ndege ya Urusi, akapigwa picha askari amesimama juu ya Caesar Kunikov na kombora la kutungulia ndege begani, katikati ya mji. Balozi wa Urusi akaitwa kujieleza. Picha ile moja ilitosha.

Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, tena tarehe 24, na Uturuki ikakitumia kifungu cha vita cha Montreux dhidi ya manowari. Kwa watu wa kamera kazi ikageuka kutoka silaha kwenda nafaka. Meli zikawa zinazima mtambo wake wa kutangaza mahali zilipo, zinapotea kwenye ramani za intaneti, kisha zinaibuka hapa zimezama hadi alama ya mwisho. Mtambo unaweza kuuzima, lakini mita 700 huwezi kuzikwepa. Picha za hapa zilisaidia waandishi kufuatilia ngano iliyodaiwa kuchukuliwa maeneo yaliyotekwa. Halafu tarehe 22 Julai 2022 yakasainiwa makubaliano ya nafaka, hapa hapa Istanbul, na mwanzoni mwa Agosti ikaja Razoni na mahindi tani 26,000 hivi, pwani imejaa kamera kama harusi. Wiki mbili baadaye ikapita Brave Commander na ngano tani 23,000, iliyokodiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwenda Djibouti kwa ajili ya Ethiopia. Mwezi ule chapati nyumbani zilikuwa zimepanda bei na kupungua upana, mnakumbuka. Makubaliano yalikufa Julai 2023.

Sasa naomba nieleze kitu kinachonikera mimi kama Mtanzania. Ukikaa hapa siku nzima kuhesabu bendera, ya kwetu utaiona. Kijani, njano, nyeusi, buluu, inapepea tezini kwenye meli ndogo ya mizigo yenye kutu, chini imeandikwa ZANZIBAR kwa herufi nyeupe. Mara ya kwanza nilipiga kelele ya furaha, wallahi, nikawaonyesha wenzangu. Mzee wa kamera akatabasamu lile tabasamu la adabu. "Nchi yako ina meli nyingi sana," akasema. Nikaenda kusoma.

Kumbe Zanzibar inaandikisha meli za kigeni, wenye meli wanalipa ada na kupewa bendera, wao wenyewe hawajawahi kunusa karafuu. Si haramu, nchi nyingi zinafanya. Tatizo ni nani anakuja kuikodi. Mwaka 2012 ilibainika meli za mafuta za Iran zilikuwa zinatumia bendera yetu kukwepa vikwazo, na serikali ikatangaza kufuta 36. Desemba 2017 meli Kaluba ilikamatwa huko Jamhuri ya Dominika na kokeini tani 1.6. Januari 2018 Wagiriki wakaikamata Andromeda karibu na Krete na makontena ya vifaa vya milipuko, imepakia bandari za huku Uturuki, inaelekea Libya. Zote mbili bendera ni ile ile tunayoiimbia asubuhi shuleni. Mwezi huo serikali ikasimamisha kwa muda uandikishaji wa meli mpya za kigeni.

Kinachonishangaza ni kwamba historia ya bendera yetu baharini, yaani ushahidi wa macho, mwingi unatunzwa na wastaafu wa Kituruki wenye thermosi. Picha kwa picha, tarehe, namba ya IMO, jina la zamani na jipya. Mmoja ana folda nzima kwenye kompyuta yake ameiita "Zanzibar". Hajawahi kufika. Aliniuliza kama kweli kuna harufu ya viungo ukishuka bandarini.

Msidhani wote ni wapelelezi wa kujitolea. Wengi wao hawajali manowari hata kidogo. Mwandishi Orhan Pamuk, yule wa Nobel ya 2006, alizoea kuhesabu meli zinazopita, na amelieleza hilo katika kitabu chake cha kumbukumbu za Istanbul cha mwaka 2003. Kati ya mwisho wa 2012 na Aprili 2013 alikwama kiroho, kila siku akawa anasimama barazani kwake na kamera. Akapiga picha 8,500! Meli, vivuko, shakwe, mawingu, ukungu, kisha ukungu tena. Mwaka 2018 baadhi zikatoka kama kitabu kinachoitwa Balkon. Wapo waliosema hizo ni picha zinazofanana, kwa nini mtu mzima apige kitu kimoja mara elfu nane. Mi nimeelewa baada ya kukaa hapa. Kuanzia Februari mpaka Aprili hakuna siku mbili zenye maji ya rangi moja. Upepo wa kusini, lodos, ukivuma maji yanakuwa ya kijivu na vivuko vinasimama, kichwa kinauma mji mzima. Ukigeuka wa kaskazini, poyraz, hewa inaoshwa na unaona mpaka misumari ya meli.

Tena ukiziangalia hizo picha za kila mtu, meli mara nyingi ndo kisingizio. Pembeni kuna mama amebeba mimosa. Kuna mtoto anagawana na shakwe mkate wa duara wenye ufuta. Kuna pomboo wawili mbele ya meli ya mafuta. Katikati ya Aprili mizinga ya rangi ya zambarau inalipuka mlimani, miti wanayoiita erguvan, na tarehe 15 msimu wa boti kubwa za uvuvi unafungwa hadi Septemba. Baadaye kidogo wanakuja wauza plamu mbichi za kijani, watu wanakula na chumvi, uso unakunjamana, sawasawa na sisi na embe bichi la chumvi na pilipili.

Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kuangalia meli. Jioni za Jumapili tulikuwa tunakwenda Raskazone, meli imetia nanga mbali kule ndani ya ghuba, matishari yanakwenda na kurudi na mizigo kama sisimizi, kwa kuwa gatini kina kilikuwa hakitoshi. Miaka ya karibuni bandari imechimbwa, meli zinafunga gatini moja kwa moja, na yale matishari watoto wa leo hawatayajua. Nimetafuta picha zake zilizopigwa na watu wa kawaida, sijapata hata kumi. Tulikuwa tukiangalia tu, na kamera ikitoka ni ya harusi.

Nyumbani kwetu ipo moja. Mjomba amesimama bandarini na suruali ya bugaluu, mkono kiunoni, na nyuma ya bega lake la kushoto inaonekana robo ya meli. Jina limekatwa na ukingo wa picha, zinasomeka herufi tatu za mwisho. Nimemwandikia dada aitoe kwenye fremu aangalie nyuma kama kuna mwaka. Bado hajajibu.